Gundi ya stika mlangoni

SWALI: Nimenunua gari lililokuwa la biashara. Stika za milangoni nimezibandua, lakini gundi imebaki na imeshika vumbi. Fundi anasema nipake thina. Nifuate?

JIBU: Thina iache. Inayeyusha gundi, kweli, ila haichagui: ikikuta mlango uliopigwa rangi upya gereji, itailainisha na rangi yenyewe, ubaki na baka. Na gari la mtumba, nani ajuaye mlango upi ulishanyooshwa?

Mafuta ya taa yanatosha. Gari liwe kivulini na bati limepoa, maana juani hukauka kabla hayajapenya. Jaribu kwanza sehemu ndogo chini ya mlango. Kisha lowesha kitambaa cha pamba, kilaze juu ya gundi kwa dakika 10. Ikishakuwa kama uji mzito, ikwangue kwa kadi ya plastiki uliyoilaza, si kisu. Usisugue gundi kavu. Vumbi lililonasa humo ni msasa mtupu. Panapogoma, rudia kulowesha badala ya kuongeza nguvu.

Drai ya nywele husaidia kubandua stika iliyobaki, lakini itumie kabla ya mafuta, kamwe si baada yake: mvuke wa mafuta ya taa unashika moto.

Maliza kwa sabuni ya maji, suuza mara mbili. Utelezi ukibaki, stika mpya haitashika.

Ukiona kivuli cha maandishi ya zamani, hiyo si gundi. Rangi ya pembeni imepaushwa na jua. Polishi itapunguza tofauti, pengine isiiondoe yote.