Mavi yasiyooza malishoni baada ya sindano ya ivermektini

Ndugu uliyeuliza kwa nini mavi ya ng'ombe wako yanakaa malishoni wiki nzima nzima bila kuoza tangu uwachome ivermektini, dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi, nami yalinikuta hayo hayo, na kwa muda mrefu nililisingizia jua. Niliacha siku nilipochukua kijiti nikapasua marundo mawili yaliyodondoshwa siku moja. La mtamba asiyechomwa lilikuwa limetobolewa na dundu kama chekeche na udongo umepandishwa ndani yake, ilhali la ng'ombe aliyechomwa lilikuwa na gamba gumu juu, chini bado bichi, na vitundu viwili vitatu tu.

Dawa hii, iliyoanza kutumika kwa mifugo mwaka 1981, haiishii mwilini mwa mnyama. Sehemu kubwa yake hutoka na mavi ikiwa bado na nguvu, na huendelea kutoka hivyo kwa wiki kadhaa. Dundu wakubwa wanaoviringisha mavi mara nyingi hawafi, tena huendelea kuyafuata, jambo linalotudanganya wengi. Wanaoangamia ni watoto wao waliomo ndani, hivyo upungufu huja kuonekana baadaye. Funza wa nzi nao hufa, na utasema acha wafe, ila hao nao husaidia kuyavunja mavi, na ndege wengi huwategemea kwa chakula.

Siku hizi sindano hiyo naiweka kwa mnyama mwenye ukurutu, wala siichomi mvua zinapoanza, kwa sababu ndipo dundu wanapotoka ardhini. Kwa minyoo pekee natumia levamisole au albendazole, ambazo haziwadhuru dundu kwa kiasi hicho, ingawa albendazole simpi ng'ombe mwenye mimba changa. Aliyechomwa hubaki zizini wiki mbili akikatiwa majani, na mavi yake huenda kwenye shimo la mboji.

Usidhani pia kwamba dawa za kupe za kumwaga mgongoni zina nafuu: sipamethrini na deltamethrini nazo huua dundu, na kwa samaki ni sumu kali mno. Josho tulilokuwa tukiogeshea liliwahi kumwagwa maji yake kwenye mfereji unaoshuka mtoni, na kesho yake watoto wakarudi na ndoo ya samaki waliokufa, ikabidi tuwanyang'anye kabla hawajafika nayo jikoni.