Kienyeji ama leya mzee?

SWALI: Shangazi, niko Nyalenda hapa Kisumu, niliamua kwangu hatuli tena kuku wa kufugwa wakibanana, tunakula vya huku kwetu tu. Jumapili nikanunua kuku Kibuye nikaapiwa ni kienyeji, kumkata ni mafuta ya njano tupu. Nimechezwa? – Mama Mapacha

JIBU: Pole dada, nashuku hiyo ni leya (kuku wa mayai) mzee aliyeacha kutaga. Siku nyingine mwangalie mdomo kwanza, leya wengi hukatwa ncha wakiwa vifaranga ndio wasidonoane, halafu inua mguu uone kucha, wa keji (kizimba) zinakuanga ndefu kwa vile hajawahi kuchakura mchanga, wa kienyeji zimelika. Bei nayo usilie sana, broila yuko tayari kwa wiki 6 hivi na kienyeji anakula miezi 5 ama zaidi, mfugaji naye atakula nini? Na kwani lazima nyama? Osuga (managu) ilale na maziwa, omena, mrenda na magadi kidogo (mimi hapo sisikii la mtu). Lakini hata samaki uliza ametoka wapi, tilapia ya barafu kutoka China inauzwa hapa hapa kando ya ziwa.