Hobbes na Locke: si suala la mbaya na mwema
Ndugu yangu, umeuliza kuhusu Hobbes na Locke, wanafalsafa wa siasa wa Uingereza, kama tofauti yao ni kwamba Hobbes anamwona binadamu mbaya na Locke anamwona mwema. Sivyo. Hobbes, katika kitabu chake cha 1651, anataja sababu tatu za ugomvi pale pasipo na serikali: ushindani, kutoaminiana na kutafuta sifa. Ya pili ndiyo nzito. Mwamba wa pweza ukifungwa Pemba, yaani watu wasivue kwa muda, bila ya mlinzi, hata mvuvi muungwana ataingia kwa kuhofu mwenziwe asije akamtangulia. Locke, katika kitabu chake cha 1689, anasema haki tunaijua hata bila ya serikali. Tunachokosa ni sheria iliyokubaliwa, hakimu asiye na upande na nguvu ya kutekeleza hukumu. Serikali inapewa kazi hiyo kwa amana, kwa hivyo watawala wakiivunja amana hiyo, wananchi wanaweza kuwaondoa. Hobbes hilo halikubali. Anamwachia raia haki ya kuiokoa roho yake tu.