Maswali yenu: Dawa bure, nauli ya kukopa

Natumia ARV na virusi vimefubaa. Leo siku ya nne nakohoa. Si tuliambiwa TB ni kikohozi cha wiki mbili? (Mama ntilie, Sabasaba, Dodoma)

Hizo wiki mbili si zako, mama. Anayeishi na VVU akikohoa hata siku moja, akipata homa, akikonda au akilowa jasho usiku, apeleke makohozi yakapimwe. ARV hupunguza hatari, haziimalizi. Nenda kesho, wateja watakula kwa jirani siku moja, hawatakufa.

Nameza dawa za TB juu ya ARV. Kliniki iko mbali, nauli nakopa, na siku nisipokula naacha vidonge. (Mkulima, Chamwino)

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Dawa ni bure, bodaboda si bure. Januari na Februari ghala limebaki vumbi na mtama mpya bado uko shambani. Mwili usio na lishe hushindwa kupambana na vimelea, na mgonjwa hashiki jembe, basi mwakani njaa inazidi. Wanaowaita wagonjwa hawa wazembe wangejaribu wao kutembea hiyo njia.

Ila dozi usiiache kwa sababu ya njaa. Rifampisini na isoniazidi, dawa za TB unazomeza, hufyonzwa vizuri zaidi tumbo likiwa tupu. Kichefuchefu kikizidi, tangulia na uji kidogo wa uwele. Macho yakiwa ya njano, rudi kliniki siku hiyohiyo. Kumeza leo na kuacha kesho ndiko kunakozaa TB sugu.

Kuhusu nauli, mwambie muuguzi bila kuficha. Omba tarehe ya TB na ya CTC (kliniki ya VVU) iwe moja, na uulize kama zahanati ya karibu inaweza kukupa dawa.

Natumia dawa za TB, na choo tunachangia na wapangaji. Mkojo umekuwa mwekundu, wananong'ona, sahani yangu wameitenga. (Kijana, Chang'ombe)

Hiyo ni rangi ya rifampisini. Mwaga maji, endelea na dawa. Sahani haiambukizi, TB husafiri kwa hewa. Fungueni madirisha.

Nina VVU na sasa TB. Bosi anasema nikilala kitandani kwa ugonjwa nisirudi. (Dereva, Kongwa)

Ukiwa na zaidi ya miezi sita kazini, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 126 za ugonjwa katika miezi 36: siku 63 za mshahara kamili, 63 za nusu. Peleka cheti cha daktari. Mambo ya VVU hulazimiki kumwambia.