Mama mkwe wangu husema "Khuda Hafiz": je, amekufuru?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni mtu wa Mombasa, nimeolewa Karachi. Kila asubuhi mama mkwe wangu, mtu mzima sana, humwekea mwanangu mkono kichwani pale mlangoni na kumwambia "Khuda Hafiz", yaani Mungu akulinde. Shemeji yangu akamkemea mbele yetu sote: Khuda ni mungu wa waabudu moto, asome shahada upya, na aseme "Allah Hafiz". Tangu siku hiyo bibi anaweka mkono, hasemi kitu. Nami nimeingia wasiwasi: sisi tunaosema Mungu, je?

JIBU: Waalaykumu ssalaam, binti yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na kilichoniuma ni huo mkono usio na dua. Mama mkwe wako hakukufuru, wala hakukosea.

Khuda ni neno la Kiajemi, na asili yake ni bwana, mwenye mamlaka. Mkuu wa kijiji ni kadkhoda. Bwana wa chombo ni nakhoda, na huyo unamjua tangu utotoni: ndiye nahodha wetu. Watawala wa Bukhara, huko Asia ya Kati, kabla ya Uislamu wakiitwa Bukhar Khuda. Watu wa nchi zile waliposilimu, neno lao la bwana wakamwitia Bwana wa mabwana. Hadi leo Mkurdi husema Xwedê, Mkazakhi Quday, Mbengali Khoda.

Majusi, hao waabudu moto, walilitumia? Walilitumia. Na makafiri wa Makka nao wakisema Allah, baba yake Mtume (s.a.w.) aliitwa Abdullah kabla wahyi haujashuka. Atasema Khuda lina wingi, kama miungu? Na neno Rabbi, Bwana, je? Nabii Yusuf gerezani alitaja "arbabun mutafarriquna", mabwana mbalimbali, kisha akamwambia mfungwa mwenzake amtaje mbele ya rabbi wake, akimkusudia mfalme. Nasi twaomba "Rabbana atina" kila siku. Hoja ya shemeji yako ukiifuata mpaka mwisho, itafuta dua za Qur'ani yenyewe.

Hoja iliyo na uzito ni moja tu: majina ya Mwenyezi Mungu ni tawqifi, yaani huchukuliwa katika Qur'ani na Sunna, hatumbunii. Sawa. Lakini kubuni jina ni kitu kimoja, kufasiri ni kingine. Ndani ya swala takbira ni kwa Kiarabu, na sisi Mashafii hatumruhusu anayekiweza kukiacha. Imam Abu Hanifa, ambaye watu wengi wa Karachi wamo katika madhehebu yake, alijuzisha hata kufungulia swala kwa Kiajemi! Katika karne ya 10, Amir Mansur bin Nuh wa Wasamani, ukoo wa Kiislamu uliotawala Bukhara, aliwauliza wanazuoni kama tafsiri ya Qur'ani yafaa iwekwe kwa Kiajemi. Wakamjibu yafaa, hoja yao ikiwa aya ya 4 ya Surat Ibrahim: hakutumwa Mtume ila kwa lugha ya watu wake. Na babu wa ukoo huo, aliyesilimu, vitabu vinamtaja kwa jina la Saman Khuda.

Hiyo "Allah Hafiz" anayoisimamia ilienea Pakistani kuanzia miaka ya 1980. Maneno yake mazuri, lakini siyo Sunna. Sunna ya kumuaga msafiri ni "Astawdiullaha dinaka wa amanataka wa khawatima amalik", yaani namkabidhi Mwenyezi Mungu dini yako, amana yako na mwisho wa amali zako. Tena muulize: mbona swala na saumu bado anaziita namaz na roza? Hayo nayo ni Kiajemi.

Kuhusu neno Mungu, tulia. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy alipoifasiri Qur'ani kwa Kiswahili aliandika "Mwenyezi Mungu", ingawa alijua vyema kuwa tuna neno miungu.

Sasa la nyumbani, ambalo kwangu ni zito kuliko fatwa. Usibishane na shemeji mezani. Mumeo amchukue nduguye faraghani amkumbushe hadithi: anayemwita mwenzake kafiri, neno hilo humrudia mmoja wao. Na huyu alimwambia mamake mzazi, ambaye hata "uff" ameharamishiwa kumwambia! Atubu kwa Mola wake, kisha akambusu mkono, na kwa kuwa alimkemea mbele ya watu, ambusu mbele yao.

Wewe usingoje hayo. Kesho asubuhi, begi la shule likiwa mgongoni, mtoto asivuke kizingiti. Asimame mbele ya bibi yake, ambaye kwa Kiurdu ni dadi, amwambie: "Dadi, hujaniaga."