Kaakaa la mtoto likipasuka: ya kujua kabla ya safari ya Mombasa

Mtoto akizaliwa na mpasuko kwenye kaakaa, yaani dari ya kinywa, upasuaji wake haupimwi kwa tundu lililozibwa. Unapimwa mtoto akifika miaka mitano, aseme "baba kakata papa" na jirani amwelewe bila mama kumtafsiria. Mzazi akilijua hilo mapema, maswali atakayomuuliza daktari yatakuwa mengine kabisa.

Kaakaa gumu liko mbele na lina mfupa. Kaakaa laini liko nyuma na linaishia kwenye kimio, kinyama kinachoning'inia kooni. Ndani ya kaakaa laini mna misuli inayolinyanyua ili lizibe njia ya puani mtoto anapomeza na anaposema. Panapokuwa na mpasuko, misuli hii haikukutana katikati. Imeelekea mbele ikajishikiza kwenye ukingo wa mfupa. Ukivutwa utando tu na kushonwa, maziwa yataacha kutoka puani lakini sauti itaendelea kupita huko. Kazi hasa ni kuibandua misuli kwenye mfupa, kuilaza kwa upana na kuiunganisha huko nyuma. Wengine hufanya hivyo kwa mshono wa moja kwa moja, wengine kwa njia ya Furlow, ya mikato miwili ya umbo la Z inayokabiliana, ambayo pia hurefusha kaakaa. Si lazima mzazi achague njia. Aulize tu: misuli mtaiunganisha vipi, na nani atayafuatilia matamshi baadaye?

Mdomo uliopasuka huonekana siku ya kwanza, lakini kaakaa lililopasuka peke yake hupita bila kuonekana hata mtoto akizaliwa hospitalini. Taka mkunga ashushe ulimi, amulike kwa tochi mpaka kwenye kimio na apapase kwa kidole. Upo pia mpasuko uliojificha chini ya utando mzima. Dalili zake ni kimio kilichogawanyika, mstari wa kibuluu katikati, na kibonyeo ukigusa mwisho wa mfupa. Mtoto anayenyonya saa nzima bila kushiba, maziwa yakimtoka puani, achunguzwe tena. Na kimio kisikatwe. Mtoto akikohoa au akikataa kunyonya, kumpeleka kwa mkataji ni kumtia katika hatari ya kutoka damu na kuoza kidonda, na kama kuna mpasuko uliojificha, ni kuharibu sehemu ileile anayoihitaji daktari.

Mpaka siku ya upasuaji kazi kubwa ni kulisha, na hapo ndipo wengi hukwama. Mtoto huyu hana nguvu ya kufyonza kwa sababu hewa inavuja puani. Kumweka titini muda mrefu kunamchosha tu, anatumia nguvu nyingi kuliko anazopata. Kamua maziwa ya mama. Kiasi cha kawaida baada ya wiki ya kwanza ni kama mililita 150 kwa kila kilo kwa siku: mtoto wa kilo 4 anahitaji 600, yaani 75 kila mlo kwa milo minane. Tumia chupa laini inayobinyika, ubinye taratibu kila anapomeza. Ikikosekana, kikombe kidogo na kijiko vinatosha. Finjani ya kahawa ni saizi nzuri, kwani ukingo wake mwembamba unakaa vizuri kwenye mdomo wa chini. Usiitoboe chuchu ya chupa tundu kubwa, maana maziwa yatamwagika kwa kasi na kumpalia. Mshike wima au karibu na wima, mlo usizidi nusu saa, na umpumzishe abeue mara mbili tatu, kwa sababu anameza hewa nyingi.

Mpime kila wiki. Miezi mitatu ya mwanzo aongeze gramu 150 hadi 200 kwa wiki. Mstari wa kadi ukilala wiki mbili usingoje tarehe ya kliniki. Kama kidevu ni kidogo na kimerudi nyuma, na mtoto anakoroma au anavuta pumzi kwa shida akilazwa chali, hilo ni la hospitali siku hiyohiyo: ulimi unamzibia njia ya hewa.

Mdomo, kama nao umepasuka, kwa kawaida hushonwa kwanza, mtoto akifika wiki 10, kilo zipatazo 4.5 na himoglobini ya damu isiyopungua gramu 10 kwa desilita. Kaakaa hufuata, sehemu nyingi kati ya miezi 9 na 12. Utafiti wa watoto 558 uliofanywa Ulaya na Amerika Kusini na kuchapishwa 2023 uliwalinganisha walioshonwa wakiwa na miezi 6 na walioshonwa na miezi 12. Walipofika miaka mitano, waliobaki na kaakaa lisilofunga vizuri walikuwa asilimia 8.9 kwa kundi la kwanza na 15 kwa la pili. Lakini hao walikuwa watoto wenye afya, katika vituo vyenye wataalamu wa dawa ya usingizi kwa watoto wachanga. Kwa mtoto aliyekonda wa Faza kule Lamu au Magarini kule Kilifi, mwezi mmoja wa kunenepa una faida kuliko mwezi mmoja wa kuwahi. Kisichofaa ni kusubiri mpaka apite mwaka na nusu, maana matamshi mabaya yanaanza kuota mizizi.

Gharama isiwe kizuizi. Shirika la hisani la Smile Train hulipia upasuaji huu kupitia hospitali washirika nchini Kenya. Uliza hospitali ya kaunti, Lamu au Malindi, wakuandikie rufaa ya kwenda Mombasa. Kabla ya kuvuka Mokowe, gati la boti upande wa bara, hakikisha mtoto hana mafua, kikohozi wala homa. Mafua peke yake yanatosha kurudishwa nyumbani, nauli ikapotea. Piga simu siku mbili kabla. Moyo na masikio vipimwe pia, kwa sababu misuli ya kaakaa ndiyo inayofungua mrija wa sikio: majimaji hujaa nyuma ya kiwambo, na mtoto asiyesikia vizuri hatasema vizuri hata ashonwe na nani. Maziwa ya mama yakome muda wa saa 4 kabla ya dawa ya usingizi, ya kopo na chakula muda wa saa 6. Nyanya akimpa uji kwa huruma, upasuaji utaahirishwa.

Baada ya upasuaji, mate yenye damu siku ya kwanza ni kawaida. Damu mbichi inayotiririka, au mtoto anayemezameza mfululizo akiwa amelala, mrudishe upesi. Kwa wiki mbili hadi tatu ale vya majimaji na laini: maziwa, mtindi, uji mwepesi, supu ya samaki iliyochujwa. Kila mlo uishie na maji safi ya kusuuza mshono. Mahamri, kachiri, mabuyu na kitu chochote chenye mwiba vikae mbali. Mlija na kijiko kirefu pia. Vidole vyake ndivyo adui mkubwa. Hospitali nyingi hufunga kadibodi iliyoviringwa kitambaa kwenye viwiko ili mikono isikunjike. Kaa kwa ndugu Mombasa mpaka uchunguzi wa kwanza.

Mshono ukifumuka ukaacha tundu, mara nyingi ni pale kaakaa gumu linapokutana na laini, kwa sababu mshono ulivutwa sana au uliota usaha. Dogo lisilopitisha chakula huachwa. Kubwa hushonwa tena baada ya miezi 6 hivi, nyama zikishalainika.

Akianza kuongea, weka kioo kidogo chini ya pua yake aseme "papa", "kaka", "tata". Kikipata ukungu, hewa inavuja. Usijaribu kwa "mama", hiyo hupitia puani kwa kila mtu. "Baba" ikitoka kama "mama", mtaalamu wa matamshi amwone akiwa na miaka mitatu, si akiwa darasani. Baadhi watahitaji upasuaji wa pili wa nyuma ya koo. Wenye ufizi uliopasuka watapandikizwa mfupa wa nyonga kati ya miaka 8 na 11, kabla ya chonge kuota. Na siku daktari mwingine akitaka kuondoa nyama za nyuma ya pua (adenoidi) kwa sababu ya kukoroma, mwambie kwanza kwamba kaakaa lilishonwa: nyama hizo huenda ndizo zinazosaidia kuziba nafasi ya nyuma, na zikitolewa zote sauti inaweza kurudi puani.