Maktaba za programu kwenye Linux: maswali na majibu

Programu yangu inagoma kuanza, ikidai haiioni libssl.so.1.1, ilhali OpenSSL (maktaba ya usimbaji fiche) imo kwenye kompyuta. Tatizo ni nini?

Namba ya mwisho ni sehemu ya jina la maktaba, yaani faili la msimbo ambalo programu mbalimbali hulitumia kwa pamoja. Programu yako ilijengwa kwa toleo la 1.1 na jina hilo limeandikwa ndani ya faili lake, lakini mifumo mipya zaidi, kwa mfano Ubuntu 22.04, inakuja na OpenSSL 3, ambayo maktaba yake ni libssl.so.3. Nakusihi usifuate ushauri wa kulibandika faili jipya jina la zamani kwa kiungo, kwa sababu namba hiyo hubadilishwa pale ambapo maktaba mpya haipatani tena na programu za awali. Tafuta toleo jipya la programu, au uijenge upya. Toleo la 1.1.1 liliacha kupata marekebisho ya usalama ya bure Septemba 2023.

Kipakiaji, yaani sehemu ya mfumo inayopakia maktaba programu inapoanza, hutafuta maktaba wapi?

Jina likiwa na mkwaju (/), huchukuliwa kuwa ni njia ya kufikia faili, iwe kamili au ya kuanzia folda ya sasa. Vinginevyo, kipakiaji cha glibc (maktaba ya msingi ya C kwenye Linux) huanza na RPATH, orodha ya folda iliyoandikwa ndani ya programu, mradi hakuna RUNPATH, orodha nyingine ya aina hiyo. Kisha hufuata LD_LIBRARY_PATH (kigezo cha mazingira chenye folda unazotaja mwenyewe), RUNPATH, orodha ya /etc/ld.so.cache, na mwishowe folda za kawaida kama /lib na /usr/lib. Wengi hukwama kwenye RUNPATH, kwa kuwa hiyo huhudumia tu maktaba ambazo faili lenyewe limezitaja: maktaba yako ikihitaji nyingine iliyo katika folda hiyo hiyo, nayo lazima iwe na RUNPATH yake. Kabla ya kunakili mafaili huku na huko, endesha programu ukiwa umeweka kigezo cha mazingira LD_DEBUG=libs, nawe utaona kila mahali palipotafutwa.

Programu-jalizi (kipande cha nyongeza cha programu) inafunguka kwa dlopen, fanksheni ya kupakia maktaba programu ikiwa tayari inaendeshwa, kisha programu inakufa baadaye kwa kukosa fanksheni. Kwa nini haikukataa mapema?

Bila shaka umeipa dlopen chaguo la RTLD_LAZY, ambayo huahirisha kutafuta fanksheni hadi itakapoitwa mara ya kwanza. Tumia RTLD_NOW, inayotafuta zote papo hapo, na dlopen ikishindwa, soma maelezo ya dlerror. Ni afadhali kosa lijitokeze wakati wa kupakia kuliko mtumiaji akiwa katikati ya kazi.

Je, ldd, amri inayoorodhesha maktaba ambazo programu inazihitaji, ni salama kwa faili nisilolijua?

Hapana, katika mazingira fulani ldd huweza kuliendesha faili lenyewe. Tumia objdump -p na usome mistari ya NEEDED, inayotaja maktaba zinazohitajika.